Wiki Tuliyorudia Maji ya Mwaloni

Mwezi Novemba mwaka 2009 nilikuwa mhadhiri katika chuo kimoja jijini Mwanza, nikibeba kozi tatu kwa pamoja kwa kuwa walimu tulikuwa wachache: mikrobiolojia, biokemia na kemia ya msingi. Wanafunzi niliowafundisha kemia Jumanne asubuhi ndio haohao niliowapokea Alhamisi katika maabara ya mikrobiolojia, lakini daftari la Jumanne sikulifungua kamwe siku ya Alhamisi.

Zoezi la wiki ile lilikuwa kupima maji. Kundi moja lilichota Mwaloni Kirumba, mahali mitumbwi inaposhusha dagaa. La pili lilichota pale Mto Mirongo unapoingia ziwani baada ya kupita katikati ya jiji. La tatu lilikinga bomba la chuo. Kila sampuli ilipandwa kwenye agari (rojo lililoganda la kuoteshea bakteria) ya kawaida ya virutubisho na kwenye agari ya MacConkey, ambayo chumvi zake za nyongo huzuia bakteria wengi walio Gram chanya (wanaobaki na rangi ya zambarau katika kipimo cha Gram), na ambayo juu yake bakteria wa kinyesi kama E. coli huota koloni (vishada vya bakteria) za waridi kwa sababu huchachusha laktosi, sukari ya maziwa. Sahani nyingine tuliziacha bila kupandwa kitu, ziwe za ulinganisho.

Ijumaa, baada ya saa 24 kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ya nyuzi 37, sahani za ulinganisho zenye agari ya virutubisho zilikuwa zimejaa koloni nyeupe, kavu, zenye kingo zilizochanika. Niliwakaripia wanafunzi. Nilisema wamefunua sahani wakiongea juu yake, wamesahau kuunguza nyaya za kupandia, hawakunawa mikono. Sampuli zote hazikuwa na thamani tena, maana maji ya namna ile hayafai kupimwa yakishapitisha siku nzima tangu yachotwe.

Binti mmoja aliyetoka Makete, wilaya ya nyanda za juu, alisubiri wenzake watoke, kisha akanisogezea sahani. “Mwalimu, naomba uangalie kwa upande. Hizi nyingine hazipo juu ya agari, zimo ndani yake. Mkono wangu ungezifikishaje humo?”

Nilitazama, na alikuwa sahihi: vidoa vidogo vilikuwa vimezama katikati ya agari, jambo ambalo lingewezekana tu kama bakteria walikuwamo kabla hatujaimimina. Tulipaka rangi kwa njia ya Gram, tukaona vijiti vya zambarau, na ndani ya vingi kulikuwa na kitundu cheupe kisichoshika rangi. Hizo zilikuwa spora, umbo gumu ambamo bakteria hujihifadhi, na kwa sura ile nilijua tuna jamii ya Bacillus, bakteria walio Gram chanya. Ndiyo sababu pia MacConkey zilibaki safi. Kosa lilikuwa limeanzia kwenye otoklevu, chungu chetu cha mvuke cha kutakasia vyombo.

Mzee wa maabara alithibitisha kwamba mshale wa kanieneo (presha) ulifika ratili 15 na kwamba alihesabu dakika 15, kama karatasi yangu ilivyoelekeza. Binti akauliza, kwa sauti ya chini: “Mwalimu, Jumanne si ulisema maji huchemka pale kanieneo la mvuke wake linapolingana na kanieneo la hewa? Kwetu Makete maharage hayaivi upesi, na hapa nako ni juu.”

Nilisimama pale bila kumjibu kwa muda. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tuliweka maji kwenye bika, yakachemka, na kipimajoto kikasimama kwenye nyuzi 96. Mshale wa otoklevu huonyesha tu ziada ya kanieneo juu ya hewa ya nje. Ratili 15 kwa inchi ya mraba hutoa nyuzi 121 penye usawa wa bahari, ila Mwanza, ambako hewa yenyewe ni nyepesi zaidi, hutoa kama 119. Nyuzi mbili huonekana chache, lakini spora zinazostahimili joto huhitaji muda mrefu zaidi kufa kwa kila nyuzi inayopungua. Sitaubebesha mwinuko lawama yote: chupa zetu zilikuwa kubwa na zimejaa, na hewa haikuachwa itoke vya kutosha kabla ya kufunga tundu la mvuke. Hata hivyo namba ile niliinakili mwaka baada ya mwaka, nikaitungia na maswali ya mtihani, ilhali maelezo yake yalikuwa kwenye daftari langu mwenyewe la Jumanne.

Jumatatu niliwaomba radhi wanafunzi wote darasani, nikamtaja binti yule kwa jina, kisha nikawafundisha upya kanieneo la mvuke, safari hii otoklevu ikiwa mezani. Mzee aliacha mvuke utoke dakika kumi, akapandisha mshale hadi ratili 17, akatakasa kwa dakika 20. Tuliatamiza sahani tupu kwa siku mbili, na hakuna kilichoota.

Alhamisi alfajiri tulipanda daladala kwenda tena Kirumba, chupa zikiwa kwenye boksi la barafu, na binti wa Makete ndiye aliyeshuka hadi kwenye maji kuchota.