Haringi jamani, ni kichwa kinachoka

Tangu binamu yangu aanguke na boda huko Arua, watu wa grupu la familia hawaachi kuniuliza, mbona hajibu, siku hizi anaringa? Haringi. Kovu limeshafunikwa na nywele, anatembea, anatania watu kama zamani, sa ndo maana wanasahau kwamba ubongo ukishagongwa unachoka haraka sana na hata mwanga wa simu tu unaweza kumwanzishia kichwa.

Hebu ona, anafungua WhatsApp anakuta meseji zimejaa, stika zinarukaruka, mtu kaforwadi video ya mahubiri inapiga kelele, halafu mjomba kaweka sauti ya dakika saba, salamu kwa kila mtu hadi mbuzi wa jirani, jambo lenyewe (mchango wa harusi!) liko huko mwisho na akifika huko mwanzo umeshapotea. Anazima simu anaenda kulala saa sita mchana. Na WhatsApp nao wanakupa kuharakisha sauti, mara 1.5 au mara 2, kuipunguza kasi hakuna, sijui waliona wote tuna haraka.

Kanuni zipo lakini. WCAG, miongozo ya kufanya tovuti zitumike hata na watu wenye ulemavu, iliyowekwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inasema kitu kikijiendesha chenyewe zaidi ya sekunde 5 mtu aweze kukisimamisha, na kisiwake na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde, maana kuna watu inawaletea kifafa, na kifafa chenyewe kinaweza kuanza baada ya kuumia kichwa. Mwishoni mwa 2019 Twitter walizuia aina moja ya picha zinazocheza, APNG, maana zilikuwa zinacheza hata kwa mtu aliyezizima kwenye setingi.

Simu yake nimeirekebisha, vitu vya kurukaruka kwenye skrini nimeviondoa, mwanga chini, grupu zote kimya. Imesaidia kiasi, ila setingi haiwezi kumfupisha mjomba, hapo ni sisi wenyewe. Shangazi keshaelewa, siku hizi anamwandikia pembeni, "Mchango wa harusi, 50,000, mpaka Ijumaa, mpe Mama." Anajibu saa hiyohiyo! Kwa hiyo wajomba zangu, jambo liwe juu, kwa maandishi, moja moja, salamu zifuate. Na ukiona tiki za bluu bila jibu usimpigie mara tatu tatu, mwache mpaka asubuhi, asubuhi ndo anakuwa vizuri.