Namna niliacha kuogopa giza la Ufini

Mi ni mtu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, mtaa wa Kadutu, ila naishi Oulu, kaskazini ya Ufini. Saa hii niko huku kwa likizo na mdogo wangu wa kike naye amepata viza, basi kutwa kucha ni kuniuliza tu, yaya (dada), ile baridi unaivumiliaka namna gani?

Namuambia ukweli, baridi iko na dawa: nguo ya sufu ndani, viatu vipana kidogo soksi nzito iingie, na pamba isikae kwenye ngozi juu ukitoka jasho inabaki na maji, ndio yenye kukugandisha. Nyumba za kule zina joto.

Mimi chenye kilinikosesha usingizi ni giza. Tangu mwezi wa nane, jua bado liko la kutosha, mi nilikuwa nimeshaanza kuulilia mwezi wa kumi na moja wenye kukuja. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka saa nne na nusu asubuhi, saa nane mchana limeshazama, na sisi tumezoea kunapambazuka saa kumi na mbili, kunakuchwa saa kumi na mbili, mwaka mzima.

Chenye kilinisaidia sana ni mama. Kule Ufini wakisharudisha saa zao nyuma, jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, Oulu na Bukavu zinakuwa na saa ile ile kabisa. Basi kila saa sita natoka kazini natembea nje, jua liko chini pale kwenye miti, nampigia mama video, yeye yuko anachambua sombe, majani ya muhogo. Siku moja gari ikamulika mkono wangu, akashtuka, "Mama, nini hiyo inawaka?" Nikamuonyesha kale kaplastiki kenye kuning'inia kwenye koti, kule sheria inataka mwenye kutembea gizani akavae ili dereva amuone. Tangu hapo kabla ya salamu anauliza, umekavaa?

Asubuhi nakunywa chai mbele ya taa nyeupe ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), nusu saa hivi, bila kuikazia macho. Na vitamini D, juu jua la kule wakati wa baridi haliitengenezi kwenye ngozi, na sisi weusi tunahitaji jua zaidi, kipimo muulize nesi.

Kubaya zaidi ni mwezi wa kumi na moja, theluji haijashika, barabara nyeusi, mbingu nyeusi. Ikishika, taa zote zinarudisha mwanga, unaona mpaka mbali, moyo unafunguka. Sasa naingojea kweli.

Mdogo wangu nimemuambia koti asinunue huku, tutanunua kule, valizi aijaze vitenge vya rangi kali tutundike ndani.