Ng'onda Mezani pa Forodha

Juzi mume wangu alinisomea tena ile habari ya London na Brussels, yaani Uingereza na Umoja wa Ulaya, kwamba tangu Mei 2025 wameafikiana kutafuta mkataba wa kulegeza ukaguzi wa vyakula mipakani. Binti yetu akainua uso kutoka kwenye bakuli la uji, akauliza, "Kwa hivyo bibi ataletewa soseji zake?" Mimi nikacheka hadi nikaweka kikombe chini. Baba mtu hakucheka, na simlaumu. Siku yenyewe yeye alikuwa nje, ndani ya gari.

Ilikuwa karibu na Pasaka ya 2022, uwanja wa ndege wa Bergerac, Ufaransa.

Mavyaa, mama yake mume wangu, ni Mwingereza. Kijiji chake kiko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, si mbali na Eymet, mji ambao siku ya soko, Alhamisi, utasikia Kiingereza kila kona. Alihamia huko na marehemu baba mkwe mwaka 1999. Miaka yote hiyo anaishi katika nchi ambayo walimwengu hufunga safari kwenda kula tu, naye anaota bekoni. Soseji za Kifaransa hazitaki kwa sababu, nisikilizeni vizuri, zina nyama nyingi mno. Za kwao huchanganywa na makombo ya mkate mkavu, na huo ulaini wa ndani ndio anaoulilia. Maziwa ya boksi, yale yanayokaa kabatini miezi bila friji, anasema yanaua chai. Majibini ya kila namna yamepangwa sokoni, yeye anaulizia cheddar. Supamaketi ya karibu ina rafu ya vyakula vya nchi za nje, na Waingereza wametengewa kipande chao: maharage ya mkebe, Marmite ya kupaka mkate, unga wa kastadi. Ukiona bei unarudisha mkono.

Zamani hiyo rafu hakuihitaji. Kila mgeni wake alifika na nusu ya friji sandukuni. Kisha Uingereza ikatoka kwenye Umoja wa Ulaya, ikaja tarehe 1 Januari 2021, na kuanzia hapo msafiri anayetoka Uingereza haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa katika nchi za Umoja huo, hata sandwichi yenye kipande cha hemu. Hata Waingereza wa Paris hawakusalimika: mwaka huohuo Marks & Spencer ilitangaza kufunga maduka yake ya vyakula 11 kati ya 20 yaliyokuwa Ufaransa. Mavyaa hayo aliyasikia redioni tu. Corona ilikuwa imemfungia ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kwao tangu sheria ibadilike. Alikwenda kumwona dada yake, nami nikaenda kumwona mama mdogo wangu anayekaa London.

Wakati wa kurudi mzigo wake ukazidi uzani. Vitu vikahamishiwa kwenye sanduku kubwa, na kibandiko kikatoka na jina langu. Nilimwuliza mle ndani mna nini.

"Vitu vidogo tu, mwanangu."

Basi tukafika Bergerac, uwanja mdogo ambao hakuna pa kujificha. Afisa wa forodha, kijana mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri na glavu za buluu, akanyoosha kidole kwenye sanduku. La nani? Langu, nikasema. Akafungua zipu. Cha kwanza kutoka kilikuwa bekoni. Pakiti moja, pakiti nyingine, tena nyingine, akazipanga mezani pembeni kwa pembeni. Akaitazama bekoni. Akautazama mtandio wangu. Akarudi kwenye bekoni.

"Ni yako, madame?"

Wallahi nilikosa la kusema kwa lugha zote ninazozijua. Mimi mtoto wa Mombasa, nimesomeshwa Kurani chuoni kwa viboko, nimesimama mbele ya watu na kilo za nguruwe zenye jina langu.

"Yangu!" Mavyaa akajitosa mbele. "Yote yangu!"

Yule kijana hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililozidi kuuma. Alikuwa akitoa kitu, anakiinua, anasoma lebo, kisha anasema "non" kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoa majibu. Soseji, non. Kipande cha cheddar kinene cha kutosha kuegemezea mlango, non. Krimu nzito ya Devon, non. Mizizi ile yao myeupe wanayooka na nyama ya Jumapili, ingali na udongo, non.

"Hata mboga?"

"Hata mboga, madame."

Pakiti ya mafuta ya figo ya ng'ombe, ya kupikia pudingi ya Krismasi, na sisi tuko Aprili, nayo non. (Hilo lilipata dawa. Novemba yake mwenye bucha wa kijijini alimkatia pande la mafuta yayo hayo, lakini alipoelezwa kwamba yatachanganywa na zabibu kavu na kuchemshwa kwa saa kadhaa, alikataa kupokea pesa.)

Ikabaki pai ya nguruwe. Ya mviringo, ganda lake rangi ya dhahabu, imefungwa kwa karatasi ya mpishi wa mtaani kwa dada yake. Kijana akaishika, na Mavyaa naye akaishika kwa upande wake. Hawakuvutana. Waliishika tu, wote wawili, wakatazamana. Mavyaa akamwuliza kama anaweza kuila palepale, amesimama, kisha ganda wakatupe wao. Yule afisa alilifikiria jambo hilo kwa dhati, niliona. Akamgeukia mwenzake. Mwenzake akatikisa kichwa. Mavyaa akaachia.

"Lakini mimi sikupiga kura!" akasema kwa Kiingereza, sauti imepanda. "Hata kura yenyewe sikupewa!"

Ikabidi nitafsiri. Nikamweleza kijana kwamba wakati wa ile kura ya 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya, Mwingereza aliyekwisha kuishi nje zaidi ya miaka 15 hakuwa na haki ya kupiga, na huyu mama alikuwa amevuka. Akasema anasikitika. Pai ikaingia kwenye mfuko mweusi pamoja na wenzake.

Majani ya chai yalipita, na Marmite, na kastadi, na maharage. Nilipoyaona yale maboksi ya chai nilimkumbuka baba, aliyefanya kazi godauni la chai Shimanzi na kurudi nyumbani shati limejaa vumbi lake. Chai ya Kenya inauzwa mnadani Mombasa, inakwenda kuchanganywa Uingereza, halafu mimi naibeba kuipeleka Ufaransa. Sijui nani anamcheka nani.

"Na mkoba huu?"

Ulikuwa wangu. Ndani mlikuwa na ng'onda, samaki mkavu, zawadi ya mama mdogo, amefungwa kwenye gazeti, kisha mfuko, kisha mfuko, kisha kanga kuukuu. Kanga ilipofunguliwa tu, foleni nyuma yetu ikarudi hatua. Nilijua amekwenda. Agosti iliyotangulia Mavyaa alikuwa ameniomba, kwa adabu zake zote, nisimpike samaki wa aina ile ndani ya nyumba. Sasa alikuwa akimtazama mezani, palepale palipotoka pai yake.

Afisa akafuata orodha yake kwa kidole. Akamweka ng'onda kwenye mizani. Samaki ruhusa, hadi kilo 20. Akamfunga tena kwenye kanga, kwa uangalifu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Bon appétit, madame."

Ile orodha niliisoma baadaye nyumbani. Matunda mabichi karibu yote yanataka cheti, ila nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Ungedhani aliyeiandika alikulia Kongowea, kwetu Mombasa.

Garini hatukusemezana. Mume wangu aliuliza safari ilikuwaje, hakujibiwa. Tulikwenda masafa marefu kabla Mavyaa hajasema, macho yake dirishani, "Mwanangu, samaki wako ana harufu kali kweli."

"Naam, mama."

"Safari ijayo tutaziweka soseji chini yake."

Hadi leo sijui kama ule ulikuwa utani, msamaha au mpango wa magendo.

Kesho yake nilimpika ng'onda kwa tui, nje, kwenye jiko la makaa, kama sheria ya nyumba inavyotaka. Mavyaa akatoka na kiti chake na mkate wake wa Marmite, akakaa upande ambao moshi hauendi. Akaniuliza samaki ataiva saa ngapi. Nikamwuliza kama ataonja. Akasema hapana, asante, alitaka tu kujua saa ya kufungua madirisha.