Fonti zisafiri na programu

Picha nyingi ninazotengeneza hazipiti mkononi mwa mchoraji. Ni vyeti, kadi za mialiko, mabango madogo yenye jina la mtu: seva inapokea jina, inalichora juu ya kiolezo, inatoa PNG. Natumia node-canvas, maktaba inayoleta turubai ya kivinjari (canvas, eneo la kuchorea) ndani ya Node, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye seva. Ndani yake Cairo ndiyo inayochora, na Pango ndiyo inayopanga herufi.

Kompyuta ya mezani imejaa fonti (faili za maumbo ya herufi) ambazo hata sijui zilitoka wapi, kwa hiyo nyumbani kila kitu hupendeza. Kontena tupu la Alpine, yaani Linux ndogo inayotumika sana kwenye seva, halina hata moja. Peleka kodi yako (maandishi ya programu) huko hivi hivi, utarudishiwa cheti maridadi chenye visanduku vitupu mahali pa jina. Wapo wanaosakinisha fonti kwenye mfumo wa seva yakaisha. Mimi hapana. Seva hubadilishwa, na anayeibadilisha hana habari na cheti chako. Kwangu faili la fonti ni sehemu ya kodi: linakaa kwenye folda ya mradi na linaingia Git, hifadhi ya matoleo ya kodi, pamoja na leseni yake. (Leseni ya SIL Open Font inaruhusu kuifungasha fonti na programu. Fonti za kununua, soma masharti kwanza.)

Kisha unaita registerFont, amri ya node-canvas ya kusajili faili la fonti, tena kabla ya kuunda turubai yoyote. Njia ya faili naijenga kwa __dirname (folda ya faili la kodi lenyewe), maana './fonts' hufuata mahali programu ilipowashiwa, si mahali kodi ilipo. Kila uzito (wa kawaida, mnene) una faili lake, nao unasajiliwa peke yake. Na kama kodi yako inapitia kifungashio (bundler, chombo cha kuunganisha faili za kodi), hakikisha faili la fonti, .ttf, limenakiliwa: hicho hufuata import na require, hakijui kwamba kuna fonti uliyoitaja kwa njia tu.

Kinachonikera ni ukimya. Ukikosea jina la familia ya fonti, hakuna kosa linalorushwa. Unapewa fonti nyingine. Ukisahau kutaja ukubwa kwenye ctx.font, mstari unaochagua fonti ya kuchorea, mstari mzima unapuuzwa na kama hujaweka fonti kabla ya hapo unabaki na 10px sans-serif. Picha inatoka, logi ni safi, na wa kwanza kugundua ni mwenye cheti.

Basi nimeweka mlinzi. Nilipima kwa measureText, amri ya turubai ya kupima maandishi, upana wa sentensi moja yenye m na i nyingi, nikauandika kwenye kodi. Seva ikiwaka inaipima tena, na tofauti ikizidi pikseli chache inajizima hapo hapo. Mbona nisilinganishe tu upana huo na ule unaotoka kwa jina la fonti lisilokuwepo, nione kama vinatofautiana? Kwa sababu kwenye kontena tupu jina hilo la uongo linaweza kuangukia fonti ile ile niliyosajili, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopo, na vipimo vikafanana bila kosa lolote.

Mlinzi huyo hajui herufi zilizokosekana, lakini. Fonti nzuri ya mapambo inaweza kukosa ŋ au ĩ, na Pango ikitafuta pengine haikuti kitu. Kwa hiyo Noto Sans nayo husafiri kwenye folda ile ile, ikisajiliwa kama akiba, na majina yangu ya majaribio yana ŋ na ĩ zote mbili.