Siku moja maishani mwangu: boila tatu zisizosikilizana, Nungwi

Saa 11 na nusu alfajiri, ndo kwanza nimetoa salamu, simu inalia. Kijana wa resepsheni. "Fundi, vyumba vya mbele baharini maji baridi, na mgeni wa karibu na jikoni anasema maji yanamuunguza." Hapohapo nikajua gesi si tatizo, maana gesi ikiisha hoteli nzima inaoga baridi, hapa kuna joto ila halipo panapotakiwa. Daladala ya 116 ya Nungwi kuingoja pale Mkwajuni ningechelewa, nikachukua bodaboda, na kipupwe hichi upepo wa asubuhi unaingia mpaka kwenye mifupa. Msimu wenyewe ndo huu, Julai, vyumba vimejaa.

Saa 12 na nusu nipo chumba cha boila, mitambo ya kupasha maji ya hoteli. Tunazo tatu za gesi, kilowati 80 kila moja, zinapeleka maji ya moto kwenye bomba moja kubwa na bomba hilo ndo linapasha tangi la lita 2,000. Sikugusa kitu. Nikapindua ndoo nikakaa na daftari nikawa naangalia tu, na hili nawaambia vijana kila siku, ukifika usikimbilie spana, angalia kwanza. Zikawaka zote tatu kwa pamoja, dakika nne zikazima zote, dakika tatu zikawaka tena zote, na kila ikitaka kuwaka feni inapuliza kwanza kutoa gesi iliyobaki ndani, yaani inapuliza hewa baridi kwenye chuma kilichokwisha kupata moto, joto linatokea juu ya bomba la moshi bure. Gesi yenyewe inavuka bahari kutoka bara. Roho inaniuma kweli nikiona ivo.

Kijana wangu akafika, "Shikamoo ammi," nikamwambia marahaba, njoo usome hapa. Kontrola, kile kifaa kinachoziamuru boila ziwake au zizime, inaandika bomba kubwa lina nyuzi 48. Nikaweka themometa yangu ya mkono juu ya bomba hilohilo, 73! Tukaifata waya ya sensa, ile inayompelekea kontrola joto la bomba, mpaka mwisho. Mafundi waliokuja kufanya sevisi mwezi uliopita waliichomoa kwenye mfuko wake (kijibomba kinachoingia ndani ya bomba kubwa) halafu wakaifunga nje ya bomba kwa kamba ya plastiki, kamba imelegea, ncha inagusa bomba kwa upande mmoja tu, upande wa pili inapigwa na upepo wa mlangoni. Sasa kontrola ikiona 48 na imeambiwa itafute 65 inafanya nini, inaita boila zote, haina kosa, na kila boila ikifika 75 inazimwa na termostati yake yenyewe, swichi inayokata joto likizidi. Ndo ule mchezo wa waka zima.

Kabla ya kuilaumu sensa tukaipima. Tukachota maji ya moto kwenye kikombe cha bati, tukaitumbukiza pamoja na themometa, tukasubiri yapoe taratibu mpaka 60, mita ikasoma ukinzani wa umeme wa kilo-omu 2.5, na sensa ya aina hii (kilo-omu 10 kwenye joto la 25) ndo inavotakiwa isome. Nzima kabisa. Tukaupangusa mfuko, tukajaza grisi ya kupitisha joto, sensa ikazama mpaka ikagonga mwisho, tukafunika kwa sponji la bomba.

Ile baridi ya vyumba vya mbele sababu yake nyingine. Pampu inayozungusha maji ya moto ina taima ya kuzunguka, saa inayoiwasha na kuizima, umeme ulikatika usiku saa nyingi tu na taima nayo ikalala, kwahiyo alfajiri ya wageni kwake yeye bado usiku wa manane. Taima nimeiondoa. Pampu itazunguka siku nzima, umeme inaokula ni mdogo.

Saa 4 tukaanza kupanga kontrola. Termostati za boila zote tatu nimezipandisha hadi 80 zibaki kama walinzi tu zisiingilie kazi, ile ya usalama ya juu kabisa sijaigusa na mtu asiiguse. Bomba kubwa 65. Likishuka hadi 60 inawaka moja tu, ikipita dakika 10 na joto halijapanda ndo inaitwa ya pili, kisha dakika 10 nyingine ya tatu, na kuzima ni kinyumenyume. Kila siku 7 boila inayotangulia kuwaka inabadilika ili zichakae sawa. Na pampu ya boila iliyolala lazima isimame, la sivyo unapitisha maji kwenye chuma cha baridi na kuyachanganya na ya moto. Kijana akauliza kwanini dakika 10, kwanini si 2? Nikamwonesha hesabu, kulitoa tangi letu 26 mpaka 60 ni kama kilowati-saa 79, boila moja inataka saa nzima, sasa ukiipa dakika mbili umeipa nafasi gani?

Saa 6 meneja akaja, akaomba tangi tulishushe hadi 45 tuokoe gesi. Nikamwambia madam, hapo siwezi kukubali. Kuna bakteria wa lejionela, walijulikana baada ya maveterani kuugua kwenye mkutano Philadelphia mwaka 1976, wanazaliana vizuri kati ya 20 na 45 na mtu anawavuta kwa vitone vidogo vya maji vinavyoruka bafuni. Tangi 60, maji yanayorudi kutoka vyumbani yasipungue 50. Ila 60 inababua ngozi kwa sekunde tano hivi, ndo maana kuna valvu ya kuchanganyia maji ya moto na ya baridi, na ya upande wa jikoni, kule mgeni alikounguzwa, tulipoifungua imejaa chokaa, si unajua maji yetu ya mawe haya. Akakubali, akatoa na hela ya valvu mpya.

Wali na pweza, swala, mchana wote tukasafisha valvu.

Saa 1 usiku wageni wametoka pwani, wote wanaoga. Bomba likashuka 60, boila namba mbili ikawaka peke yake. Tukahesabu. Dakika ya 10 bado 60, namba tatu ikaingia, joto likapanda 63, 64, 65. Namba moja kimya, pampu yake imesimama, bomba lake nimelishika kwa kiganja, baridi. Nikaenda chumba cha mwisho kabisa upande wa bahari nikafungua bomba, sekunde kumi, 42. Nikarudi nikaandika mipango yote kwa maka peni nyuma ya mlango wa paneli, namba kwa namba na tarehe, atakayekuja baada yangu asianze kubahatisha.