Cherehani ya Mama na Boti ya Upepo

Jumamosi ile, siku ya 28 ya Ramadhani mwaka 2022, daladala ilitushusha Unguja Ukuu saa nane na nusu mchana, mimi na mpwa wangu wa miaka 12, na kichwa cha cherehani ya mama kimefungwa ndani ya gunia. Maji yalikuwa yameshaifunika njia ya Uzi. Mwezi ulikaribia kuandama, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, huku kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Ukichelewa asubuhi, basi ungoje mpaka usiku yapwe tena.

Kwa asiyepajua: Uzi ni kisiwa kilicho karibu kabisa na Unguja Ukuu, kijiji cha kusini mwa Unguja, na kilichoviunganisha wakati ule ni njia ya mawe iliyopita katikati ya mikoko. Yakipwa, hupita gari, punda, baiskeli na watu kwa miguu. Yakijaa, mawe yote hulala chini ya maji na unaona mikoko tu kushoto na kulia, kama kwamba hapakuwahi kuwa na njia. Daraja halikuwapo. Nimezaliwa Uzi na nimekua nikihesabu saa za maji kabla ya saa za ukutani.

Mama ni mshonaji. Wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo wiki yake, na mwaka ule cherehani ilimharibikia ikiwa imebaki siku sita Idi ifike. Meno ya chini yanayosukuma kitambaa yalikuwa yameliwa, kitambaa hakiendi mbele, uzi unakatika kila baada ya mishono mitatu. Niliipeleka mjini kwa fundi wa Darajani, akakaa nayo siku tatu. Asubuhi ya Jumamosi mama akanipigia simu. Hakunihimiza. Alisema tu, "Mwanangu, nguo za watoto wa watu zimo kitandani, zimekatwa. Mimi nalala chini kwenye mkeka ili nisizivuruge."

Kwa hiyo sikuwa na la kungoja usiku. Nilikuwa na boti yangu.

Boti yenyewe ni kayaki ya kujaza upepo, ya watu wawili. Niliinunua mwaka 2019 kwa shilingi 300,000 kwa mgeni mmoja aliyekuwa amemaliza kazi zake mjini na anarudi kwao. Ikikunjwa inaingia kwenye mkoba mmoja mkubwa wa kubeba mgongoni. Nilikuwa naiweka Unguja Ukuu kwa mzee mmoja mvuvi, jirani na pwani, ambaye siku ya kwanza aliipima kwa macho, akaibonyeza kwa kidole na kuniambia, "Mwanangu, hiki si chombo, hili puto. Msimu mmoja tu." Maneno yale yaliniuma. Mzee yule amechonga mitumbwi kwa mkono wake, na nilitaka sana aone kwamba sikutupa fedha zangu.

Msimu ulipita, na wa pili, na wa tatu. Nilijifunza kuitunza jinsi mtu anavyojifunza tabia za punda. Chumvi haiidhuru sana ukiisuuza kwa maji matamu na kuianika kivulini. Jua ndilo adui, maana huikausha na kuifanya ngumu kidogo kidogo. Mchanga ukiingia kwenye kizibo cha upepo, hata chembe moja, itapumua usiku kucha. Na usiikunje ukaiacha sakafuni, panya watakata mikunjo yote. Iningʼinize.

Tena kuna jambo la joto. Mwaka wa kwanza niliijaza asubuhi ikawa imekaza vizuri, nikaiacha pwani nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi ilikuwa ngumu kama jiwe, na mshono mmoja karibu na pua umeanza kufunguka. Upepo ukipata joto hutanuka, na mle ndani hauna pa kwenda. Toka siku hiyo, jua likiwa kali naijaza pungufu, naishusha majini, ikipoa naiongeza pampu kidogo. Nilijua basi kwamba boti hulegea ikigusa maji. Kujua kwangu huko ndiko kulikonipotosha Jumamosi ile.

Tuliijaza, kwanza ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha sakafu. Vyumba hivyo vitatu kila kimoja kina upepo wake na kizibo chake. Mpwa wangu alikuwa amefunga siku zote 28, na midomo ilikuwa imemkauka, lakini alikataa kuniachia pampu. Kilichonitia hofu ni cherehani. Kichwa cha cherehani ni chuma kitupu, kizito, na kile kibao chake cha chini kilikuwa kimevunjika pembe moja, ncha imesimama kama msumari. Niliizungushia gunia la pili, nikaweka chini yake kipande cha godoro la sponji alichotupa yule mzee, nikaifunga kamba isicheze. Nilipapasa pande zote kwa kiganja kuona kama kuna ncha inayopenya. Hapakuwa. Nikaridhika.

Mzee alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. "Kusi limeanza," akasema. "Na mvua ile pale. Pitieni ubavuni, msikate katikati."

Ulikuwa ushauri mzuri, na tuliufuata. Uzi iko kusini, kwa hiyo upepo ulikuwa usoni. Boti ya upepo ni nyepesi, imekaa juu ya maji badala ya kukaa ndani yake kama mtumbwi, upepo ukiipiga ubavuni huigeuza kama jani. Ukijibanza na mikoko unapata kinga. Nilipiga kafi taratibu, mpwa wangu mbele na cherehani katikati ya miguu yake, mkono juu ya gunia kana kwamba amempakata mtoto.

Lakini kwenye mikoko kuna chaza. Kila mtoto wa Uzi ana kovu la chaza mguuni. Hushika kwenye mizizi, mmoja juu ya mwenzake, na midomo yao hukata kama wembe mpya. Yakipwa unawaona. Maji ya bamvua yakijaa, mizizi yote imezama na chaza wako kiasi cha shibiri moja chini ya uso wa maji, na maji ya masika yana rangi ya chai. Sikusikia kitu. Labda tuligusa pale tulipopishana na mti ulioinamia mkondoni, labda kabla.

Kisha mvua ikatushukia. Ilikuwa mvua ya masika hasa, nzito na ya baridi, na maji yote yakawa meupe kwa matone. Baada ya dakika chache nikahisi ubavu wa kushoto unalegea chini ya paja langu. Nikajiambia ni baridi ya mvua. Nikaendelea kupiga kafi. Ubavu wa kulia nao ulikuwa umelegea kidogo, ndiyo maana sikushtuka. Nilitakiwa nilinganishe, kulia na kushoto, na sikulinganisha.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "huku kunachemka."

Nilitazama alipoonyesha. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, na kando ya boti, upande wa kushoto, vipovu vilikuwa vinapanda juu kwa mstari mmoja mwembamba, kimoja baada ya kimoja, bila kukatika. Niliinama nikapeleka kidole chini. Palikuwa na mchano usiozidi urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho, chini tu ya mstari wa maji. Midomo yake ilikuwa laini, na nilihisi upepo ukinigusa kidole kama mtu anayepumua usingizini.

Nitasema ukweli, moyo ulinienda mbio. Mpwa wangu anajua kuogelea, mimi pia, na ufuo hauko mbali. Nilichokiona mbele ya macho yangu ni cherehani ikizama kwenye tope la mikoko, na mama kalala kwenye mkeka.

"Bonyeza hapa," nikamwambia. "Vua fulana, ikunje, ibonyeze kwa nguvu zako zote, na usiachie mpaka nikuambie."

"Labeka, mjomba."

Alijilaza kifudifudi juu ya gunia, mkono majini mpaka kwenye kiwiko, na akabonyeza. Mimi nilipiga kafi kama sijawahi kupiga. Ndipo nilipoielewa boti yangu. Mpira wa baiskeli ukitoboka unaishiwa mara moja kwa sababu umejazwa upepo mwingi mno. Boti hii hujazwa upepo mdogo, kwa hiyo tundu likitokea haipasuki, inapungua. Ubavu wa kushoto ulikufa polepole, tukainamia upande huo, maji yakaanza kuingia na kutulowanisha mapaja. Lakini sakafu ilikuwa imekaza, na ubavu wa kulia ulikuwa bado na upepo wake. Vyumba viwili vilitubeba watu wawili na chuma kile chote. Tulifika Uzi tumelala upande kama ngalawa iliyopoteza ndubi moja, lakini tulifika, na gunia la ndani lilikuwa kavu.

Mpwa wangu vidole vilikuwa vimenyauka na kugeuka vyeupe, na havikuweza kukunjuka. Nilivisugua mpaka damu ikarudi. Mpaka leo nikikumbuka siku ile navikumbuka vile vidole kwanza.

Mama hakuuliza habari za boti. Alifungua gunia, akapangusa chuma kwa kanga yake, akatia mafuta, akajaribu kwenye kitambaa chakavu, akasikiliza. Baada ya futari na tarawehe aliwasha taa na kushona. Nililala ukumbini nikiisikia mpaka daku. Jumatatu wenye nguo walizipata zote.

Boti niliitengeneza mara mbili, na mara ya kwanza sikujua namna. Nilimpelekea kijana fundi baiskeli, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka cha mpira. Kilikaa usiku mmoja. Asubuhi nilikivuta kwa vidole viwili kikatoka chote kama ganda la muhogo uliochemshwa. Si kosa la kijana. Solusheni ile ni ya mpira, na boti hii si mpira hasa. Ni plastiki laini juu ya kitambaa, jamaa ya turubai la lori. Nilipolifahamu hilo nikaenda mjini kwa fundi anayeshona maturubai, na yeye aliugusa ubavu mara moja tu akacheka kwa furaha. "Hii kazi yangu," akasema.

Kwanza aliutafuta mchano kwa povu la sabuni, akakuta na mwingine mdogo pembeni ambao sikuuona. Akausafisha kwa asetoni, ile ile ambayo akina dada hutolea rangi ya kucha, kwa kitambaa cheupe, mpaka kitambaa kikawa hakitoki na uchafu. Alikata kiraka cha turubai na kukiviringa pembe. Pembe kali, aliniambia, ndiyo ya kwanza kuinuka. Gundi alipaka nyembamba pande zote mbili, akasubiri mpaka ikawa ukiigusa inanata lakini haifuati kidole, kisha akabandika na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, upepo wote utoke. Aliniuliza mara mbili kama boti haina upepo ndani. Akaniambia nisiijaze mpaka siku ya pili, saa ile ile. Nilikaa naye karibu saa mbili, na sijaona mkono wenye subira vile isipokuwa wa mama akipindisha ukosi.

Niliporudi Unguja Ukuu, yule mzee alinipokea mkoba, akataka kuona. Alipitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni mwa kiraka, akazunguka wote, akitafuta pa kuingilia. Hakupata. Akaniuliza gundi inaitwaje na fundi yuko mtaa gani. Kisha tukazungumza sana juu ya kalafati, namna anavyosokota pamba na kuipigilia katikati ya mbao, na namna chombo kisichotiwa sifa, yale mafuta ya papa, kinavyokauka juani na kufungua mishono. Siku ile hakulitaja puto.

Kiraka kile bado kimeshika. Boti sasa inaningʼinia Uzi chumbani kwa mama, juu ya sanduku la vitambaa, mbali na panya. Kinachonisumbua ni ule mshono wa puani, uliofunguka kwa joto mwaka wa kwanza. Wiki iliyopita niliupaka povu na vipovu viwili vikatokea, vidogo kama mayai ya samaki. Gundi kikopo kimoja ninacho, lakini fundi anasema mshono si kama kiraka, lazima aufungue zaidi kwanza ndipo aufunge. Nikishuka mjini nitaichukua.