Mmea wa maziwa nyuma ya ukuta

Hapa Lubumbashi hata mtoto mdogo anajua vinkubala, wale viwavi tunaokula, atakuambia hivi vinatoka kwa mti gani na vile kwa mti gani, lakini muulize vipepeo wa mu lupango, kiwanja cha nyumba, walikula majani gani walipokuwa bado viwavi, atanyamaza. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Nyuma ya ukuta wetu kuna mmea ulijiotea wenyewe, unanifika kifuani, majani membamba yanatoka mawili mawili yakitazamana, ukikata moja maziwa yanatiririka palepale, na tunda ni kapira ka kijani kenye vinywele laini, ukikaminya unasikia ni hewa tu. Ni Gomphocarpus. Kipepeo wa rangi ya chungwa, Danaus chrysippus, anatua pale anapigapiga jani na miguu, njo vile anaonja, halafu anakunja tumbo chini ya jani anaacha yai moja anaenda. Kiwavi wake ana mistari nyeusi, nyeupe na njano, na pembe laini nyeusi, jozi tatu.

Nilikosea hapa: niliweka viwavi watatu mu kopo, majani yakaisha, nikawaletea majani ya mmea mwingine wa barabarani, nao una maziwa nikajua ni ndugu moja. Hawakugusa. Siku ya pili wote wamekufa, na iliniuma sana kwa sababu mmea wao ulikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Mimea ya maziwa ni mingi jamani, angalia majani yamepangwa namna gani, ngojea ua, ngojea tunda. Na unawe mikono, usishike macho, ile maziwa ni sumu. Kiwavi anaibeba mwilini mpaka anakuwa kipepeo, ndege akimuonja anamtema.

Sasa kuna jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, anafanana naye kabisa ili ndege wamuogope bure, yeye hana ile sumu. Ukimuona "yule wa chungwa" anataga kwenye kale kamajani kanene kanatambaa chini, shina jekundu, maua ya njano, usiandike haraka kwamba Danaus anakula hako. Angalia bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi vitatu ao vine katikati, huyu ana kimoja.

Kaka anayetulimia lupango nimemuonyesha ule mmea, nikamgeuzia jani aone yai. Leo amekata nyasi zote za ukutani, ule mmea ameuzungukia na jembe.